Chumvi, maji na betri: jiki inavyozaliwa ndani ya ndoo

Gunia la chumvi ukilisahau stoo miaka mitano, utalikuta na vumbi juu na limeshikana chini kwa unyevu, lakini chumvi ni ile ile. Dumu la klorini ukiliacha stoo hiyo hiyo, chini ya bati linalowaka jua kutwa, miezi michache inatosha. Utalifungua, litanuka jiki kidogo, lebo itaendelea kusema ilichosema siku ya kwanza, na muuguzi anayepangusa kitanda cha kujifungulia hatakuwa na namna ya kujua kwa macho kwamba anakipangusa kwa maji ya chumvi.

Si mzaha. Hipokloriti, ile dawa yenyewe iliyomo ndani ya jiki, hujivunja taratibu, na sehemu kubwa ya mabaki yake ni kloridi, yaani chumvi. Joto likipanda nyuzi 10, kasi ya kuvunjika huongezeka mara tatu hadi nne. Na kadiri dawa ilivyo kali ndivyo inavyojila haraka zaidi, kwa hiyo hata ujanja wa kununua iliyo kali ili idumu haufui dafu.

Ndipo likaja wazo ambalo limewavutia watu wa maji na wa hospitali kwa zaidi ya karne: acha kusafirisha klorini, safirisha chumvi. Klorini itengenezwe pale pale inapotumika, ya leo kwa ajili ya leo. Vifaa vya kazi hiyo vipo, vingine vinajaza kontena zima na vingine vinatumbukizwa kwenye ndoo. Tangu siku za corona vimetangazwa kweli kweli, na maelezo yanayoambatana na matangazo hayo mara nyingi ni nusu kemia, nusu uganga.

Aliyesoma kemia sekondari ameshalifanya jaribio lenyewe. Sisi tulilifanya kidato cha tatu, kwa vijiti vya kaboni tulivyovichomoa ndani ya betri za tochi zilizokwisha, bilauri ya maji ya chumvi na nyaya mbili. Mapovu yakapanda pande zote mbili, na muda si mrefu darasa likanuka kama shuka za wodini. Mwalimu akafungua madirisha, akaandika mlinganyo ubaoni, kengele ikalia. Hakuna aliyetuambia kwamba harufu ile ndiyo inayolinda maji ya bomba mijini.

Kilichotokea ndani ya bilauri ni hiki. Chumvi ikiyeyuka huachana: upande mmoja ioni za sodiamu, zenye chaji chanya, na upande mwingine ioni za kloridi, zenye chaji hasi. Kloridi ni mpole. Imo kwenye machozi, kwenye jasho, kwenye mchuzi wa jana, na haimdhuru kijidudu yeyote kwa kiasi hicho. Ili igeuke klorini ni lazima inyang'anywe elektroni moja, na mnyang'anyi ni bamba lililounganishwa na chanya ya betri, linaloitwa anodi. Kloridi zinafika pale, zinaacha elektroni zao, zinaungana mbili mbili kuwa klorini. Kwenye bamba la pili, kathodi, elektroni zinapokelewa na maji yenyewe. Maji yanavunjika, yanatoa gesi ya haidrojeni, na yanaacha haidroksidi, ambayo ikishirikiana na sodiamu ndiyo kostiki soda ya watengeneza sabuni.

Ukiweka kiwambo katikati ya mabamba hayo, utapata klorini huku na kostiki kule. Viwanda vikubwa hufanya hivyo, kisha huvikutanisha vitu hivyo viwili kwa vipimo, na matokeo yake ndiyo jiki ya dukani. Usipoweka kiwambo, vinakutana vyenyewe humo humo chomboni na kuzaa sodiamu hipokloriti. Kwa hiyo jiki ya dukani na dawa ya ndooni ni ndugu wa tumbo moja. Tofauti ni ukali: ya dukani huwa na klorini ya asilimia 3.5 hivi, ya ndooni kwa kawaida haivuki 0.8.

Kwa nini haivuki? Watu wengi hudhani ni swali la uvumilivu, kwamba mashine ikiachwa usiku kucha dawa itaiva. Haiwi hivyo. Hipokloriti zikiwa nyingi, zenyewe zinaanza kufika kwenye anodi na kugeuzwa klorati, kemikali nyingine isiyo dawa, na zikifika kwenye kathodi zinarudishwa kuwa kloridi. Ni sawa na kujaza pipa lenye tundu ubavuni: maji yatapanda hadi tundu lilipo, na baada ya hapo unamwagia sakafu. Tena klorati yenyewe si kitu cha kukaribisha. Kikomo kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 0.7 kwa lita.

Sasa dawa hii inauaje? Hipokloriti ikiingia kwenye maji ya kawaida huwa na sura mbili zinazobadilishana. Moja ni ioni ya hipokloriti, yenye chaji hasi. Nyingine ni asidi ya hipoklorasi, isiyo na chaji. Kuta za bakteria nazo zina chaji hasi, hivyo ile ya kwanza inasukumwa nyuma kama mgeni asiyetakiwa, wakati ya pili inapenya hadi ndani na kuharibu protini na vimeng'enya. Kinachoamua ipi iwe nyingi ni pH, kipimo cha uasidi: namba ikishuka chini ya 7 maji ni ya asidi, ikipanda juu yake ni ya upande wa kostiki. Kwenye pH ya 7.5 hivi zinagawana nusu kwa nusu. pH ikishuka hadi 6, karibu yote ni ile asidi. Ikipanda hadi 9, asidi inabaki asilimia chache tu. Dawa ya ndooni ikiwa peke yake huwa na pH ya karibu 9, lakini tone lake likiingia kwenye dumu la maji ya kisima yenye pH ya 7, pH ya maji ndiyo inayotawala na asidi inaamka. Ukipenda kujua, chembe nyeupe za damu yako zinatengeneza asidi hiyo hiyo ya hipoklorasi kuwamaliza bakteria zinaowameza. Mwili ulitutangulia.

Kwenye mabamba ndiko kwenye shida, na hapa naomba tukae kidogo.

Kwa hesabu za karatasini, bamba la chanya lilipaswa kutoa oksijeni kabla ya klorini. Kuvunja maji kupata oksijeni kunadai volti 1.23, kunyang'anya kloridi kunadai 1.36. Oksijeni ndiyo ya bei rahisi. Bahati yetu ni kwamba oksijeni ni mvivu: ili izaliwe, hatua kadhaa lazima zifuatane, na kwenye bamba linalofaa hatua hizo zinakwama hadi usukume volti za ziada. Klorini inapita mbele wakati oksijeni bado inafunga kamba za viatu. Bamba lisilofaa, au lililochakaa, au maji yenye chumvi kidogo mno, vinaipa oksijeni nafasi yake. Hapo utaona mapovu mengi ya kupendeza, umeme unaliwa, na dawa hakuna.

Bamba linalofaa lilichelewa sana kupatikana. Wazo lenyewe ni la zamani. Katika miaka ya 1890 Mfaransa Eugène Hermite alikuwa akipitisha umeme kwenye maji ya bahari ili kupata dawa ya kusafishia mifereji ya maji machafu, na mji wa Worthing, pwani ya kusini ya Uingereza, uliijaribu mwaka 1894 baada ya homa ya matumbo kuukumba mwaka uliotangulia. Vita Kuu ya Kwanza ilipokuja, mkemia Henry Dakin, yule ambaye dawa yake ya hipokloriti ya asilimia 0.5 iliokoa vidonda vingi vya askari, alitengeneza dawa kwa kupitisha umeme kwenye maji ya bahari ndani ya meli ya hospitali Aquitania. Kila mmoja wao alikuwa na chumvi, maji na umeme. Lakini kaboni huliwa kidogo kidogo na kuchafua dawa kwa masizi, na platini hununuliwa na wenye fedha za platini.

Mwaka 1965 ndipo mvumbuzi Henri Beer alipokuja na hataza, yaani hati ya haki ya uvumbuzi, ya bamba la titani lililopakwa oksidi ya rutheni, metali ya jamii ya platini. Titani peke yake haifai, kwa sababu ikiwekwa kwenye chanya inajifunika ngozi isiyopitisha umeme. Ngozi hiyo hiyo, hata hivyo, inailinda isiliwe, na ule upako mwembamba juu yake ndio unaopitisha umeme na kuipendelea klorini. Mabamba hayo yanadumu miaka. Karibu kila mashine ya maana iliyopo leo, iwe ya kontena au ya ndoo, imesimama juu ya mtoto au mjukuu wa bamba lile.

Kwa hiyo zile video zinazozunguka WhatsApp, za mtu aliyechomeka misumari miwili kwenye maji ya chumvi na kuiunganisha na betri ya gari, si sayansi ya maskini. Ni sumu. Msumari unayeyuka na kukupa tope la kutu. Kijiko cha chuma kisichoshika kutu ni kibaya zaidi, kwa sababu kinaachia nikeli na kromi, na kromi inayotoka kwa njia hiyo inaweza kuwa ile aina inayosababisha saratani. Maji yakigeuka manjano au kijani, usiambiwe kwamba ndiyo dawa imekolea.

Turudi kwenye vifaa halali na hesabu zake. Kifaa kidogo kinachojulikana zaidi ni WATA cha taasisi ya Antenna ya Geneva. Kanuni yake inakaririka: gramu 25 za chumvi kwa lita moja ya maji, unatumbukiza kifaa, unakiunganisha na umeme wa mkondo nyoofu, ule wa sola au wa chaja, na unapata dawa yenye gramu 6 za klorini kwa lita. Kati ya gramu 25 za chumvi ni kama 5 tu zilizogeuka; zilizobaki zipo ili umeme upite kwa wepesi na kloridi zisipungue karibu na bamba.

Gramu 6 kwa lita ni asilimia 0.6, zaidi kidogo ya ile 0.5 inayotumika hospitali kusafishia sehemu zilizomwagikiwa damu. Kwa maji ya kunywa, tukichukua dozi ya miligramu 2 kwa kila lita ya maji yasiyo na tope, lita moja ya dawa inatibu lita 3,000, yaani madumu 150 ya lita 20. Kilo moja ya chumvi inatoa lita 40 za dawa, ambazo ni lita 120,000 za maji. Kwa kiwango cha lita 15 kwa mtu kwa siku, ambacho mashirika ya misaada hukitumia kama cha chini kabisa, kilo ya chumvi ni maji ya watu 8,000 kwa siku moja. Na kabla hujauliza: chumvi ya jikoni yenye madini joto haiharibu kitu, kiasi cha madini hayo kikishagawanywa kwenye lita zote hizo hakionekani. Chumvi ya mawe yenye udongo ndiyo ya kuogopa, nitaeleza kwa nini.

Hesabu hizo ndizo zinazowekwa kwenye mabango, na ni za kweli. Ila wauzaji huruka ukurasa mmoja. Ipo klorini ya unga, kalsiamu hipokloriti, ile inayoitwa HTH, yenye nguvu ya asilimia 65 hadi 70. Kilo yake moja inatibu zaidi ya lita 300,000. Ukipima kwa uzito wa mzigo tu, unga unaishinda chumvi mara mbili na nusu, na hauhitaji sola wala bamba. Julai 1994, kipindupindu kilipowaangukia wakimbizi wa Rwanda waliojaa Goma na kuua makumi ya maelfu ndani ya wiki chache, Ziwa Kivu lilikuwa pale pale likimeremeta. Kilichokosekana ni maji yaliyotibiwa na njia ya kuyafikisha kwa watu. Katika dharura ya namna ile mimi ningechagua pipa la unga kuliko kifaa chochote cha kutumbukiza kwenye ndoo, na sioni aibu kusema hivyo kwenye makala ya kuvisifu vifaa hivyo.

Vinapofaa ni kwingine: zahanati inayotumia lita chache kila siku, mwaka mzima, na ambayo unga wake hufika ukiwa umepita tarehe au haufiki kabisa, mradi wa maji wa kijiji chenye sola na fundi, kisiwa ambacho boti hukataa kubeba mapipa yenye alama ya hatari, lakini chumvi inauzwa kila kioski. Kwenye mitambo mikubwa ya maji, sababu huwa nyingine tena, nayo ni usalama. Klorini ya gesi kwenye mitungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa chini na kujaza mabonde. Mwaka 1915 ilitumika kuua askari huko Ypres, Ubelgiji. Mtambo unaojitengenezea dawa hafifu kutokana na chumvi hauna mtungi wa kuvuja. Unalipa kwa chumvi kama kilo 3 na umeme kama uniti 5 kwa kila kilo ya klorini, na kilo hiyo inatibu lita laki tano.

Haidrojeni nayo isisahaulike, maana haina harufu na haionekani. Kila kilo ya klorini inaambatana na lita kama 340 za gesi hiyo, na ikifika asilimia 4 tu ya hewa ya chumbani inaweza kulipuka. Kifaa cha ndoo kinatoa lita 2 hivi kwa kila lita ya dawa, kitu kidogo kwenye kibaraza, kitu kingine kabisa ndani ya kabati lililofungwa pamoja na chaja inayotoa cheche.

Sasa udongo wa chumvi. Kathodi ikitoa haidroksidi, sehemu iliyo karibu nayo inakuwa na pH ya juu sana, na kalsiamu au magnesi yoyote iliyomo majini inaganda pale kama ukoko wa birika la chai. Ukoko unaziba, umeme unashindwa kupita, joto linapanda, klorati inaongezeka. Dawa yake ni siki: mabamba yanalowekwa hadi ukoko uyeyuke, yanasuuzwa vizuri, yanarudishwa. Kusuuza si hiari, kwa kuwa asidi ikikutana na hipokloriti inafumua gesi ya klorini usoni mwako, na hata kuchanganya jiki na dawa nyingine za chooni zenye asidi ni hatari hiyo hiyo. Kukwangua kwa kisu ndiyo njia ya haraka ya kuua kifaa. Upako wa rutheni ni mwembamba kuliko unywele, na ukishatoka umebaki na titani tupu isiyopitisha kitu.

Maji ya bahari ni tatizo hilo likiwa limekuzwa, kwani magnesi na kalsiamu zimo tele. Hata hivyo yanatumika sana, kwa sababu chumvi ipo bure, gramu 35 hivi kwa lita. Mitambo ya umeme na ya kuondoa chumvi majini kwenye pwani za Ghuba hujitengenezea klorini kutokana na maji yale yale inayoyavuta, ili kome na chaza wasiote ndani ya mabomba. Meli zinazotia nanga Mombasa na Dar es Salaam nazo, nyingine zina mashine kama hizo tumboni, za kuua viumbe waliomo kwenye maji ya kusawazishia meli, kwa mujibu wa mkataba wa kimataifa wa mwaka 2004 ulioanza kutumika Septemba 2017. Lakini hiyo si ya kunywa. Bahari ina bromidi, na klorini inaigeuza kuwa misombo ya bromini, ikiwemo bromati, ambayo kikomo chake kwenye maji ya kunywa ni miligramu 0.01 tu kwa lita. Mkazi wa pwani asichote maji ya bahari kwa kuwa ana kifaa.

Nimeacha jambo ambalo wenye vifaa hivi huliacha pia, kwa sababu halina mvuto: kupima. Leo chumvi ilijaa kijiko, kesho haikujaa. Leo jua lilikuwa kali, kesho mawingu. Dawa ya leo si ya jana, na jicho haliwezi kutofautisha. Kuna vimiminika vya matone na vidonge vya DPD vinavyogeuza maji kuwa ya waridi kulingana na klorini iliyomo. Matone yanapima ukali wa dawa, vidonge vinapima maji yaliyotibiwa, ambayo baada ya nusu saa yanapaswa kubaki na miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita. Vipimo hivyo huisha kabla ya kifaa kuharibika, na bajeti ya kuvinunua tena ni nadra kuwemo. Pasipo vipimo, zahanati imerudi kwenye lile dumu la stoo, ila sasa inalizalisha yenyewe. Dawa isiyoongezwa kostiki kidogo nayo ni ya siku ile ile, au kesho yake, ikiwa imefunikwa na haioni mwanga.

Ile njia ya kiwambo nayo imezaa biashara ya pekee, ya maji yenye ile asidi ya hipoklorasi. Vitold Bakhir na wenzake walianza kuifanyia kazi Tashkent katika miaka ya 1970, na Japani mwaka 2002 iliruhusu maji ya asidi ya hipoklorasi kutumika kwenye vyakula, kwa mfano kuoshea mboga. Yanaua vijidudu kweli, tena kwa kiasi kidogo cha klorini, maana karibu yote iko katika ile sura inayopenya. Mradi tu yawe mabichi. Anayekuuzia chupa yake kama tiba ya kisukari anakuuzia chupa.

Kwa bahati nzuri, mashine yenyewe unaweza kuikagua kwa kalamu. Mwanasayansi Michael Faraday aligundua katika miaka ya 1830 kwamba kiasi kinachozaliwa kwenye bamba kinategemea umeme uliopita, basi. Kwa klorini, ampea moja ikipita kwenye jozi moja ya mabamba kwa saa moja haiwezi kutoa zaidi ya gramu 1.32, hata mashine ingekuwa ya dhahabu. Tuseme muuzaji ameleta boksi lenye jozi moja, lebo inasema ampea 5, naye anakuahidi lita 10 za dawa ya asilimia 0.5 kila saa. Lita 10 za namna hiyo ni gramu 50 za klorini. Zidisha 5 kwa 1.32: ni gramu 6.6, na hiyo ni kabla hujatoa zinazopotea njiani. Muulize zile 43 nyingine anazitoa wapi.